Tinga Inanguruma Lakini Haisongi? Vile Utajua Klachi Imeisha Kabla Fundi Aipasue Katikati

Siku hizi chama za vijana hazinunui tu ploti za Joska na Kamulu. Kuna mbogi zimeingia kwa biashara ya trekta. Mnachanga doh, mnachukua tinga mtumba, mnaipeleka ushago kwa binamu mwenye anajua kuendesha, na kila jioni M-Pesa inaingia kulingana na eka zenye zimelimwa. Mchongo uko sawa kabisa. Shida ni moja: wewe uko Umoja, tinga iko Kitale, na siku klachi itaungua utaambiwa tu kwa simu, "Bosi, imekataa kutembea. Fundi anasema utume pesa tuipasue."

Hapo ndio wasee wengi hupigwa. Hujui kama ni ukweli, hujui kama ni kitu ya kukaza nati moja, na msimu wa kulima haukungoji. Kwa hivyo leo tunaongea klachi ya trekta, na ukimaliza kusoma utajua maswali ya kuuliza kabla ya kutuma hata soo.

Kitu ya kwanza ushike: klachi nyingi haziuliwi na uzee, zinauliwa na mguu. Ya pili: sio kila klachi yenye imegoma inataka trekta ipasuliwe.

Klachi inafanya nini kwani?

Fikiria sahani mbili za chuma zimebana chapati katikati. Sahani ya kwanza ni flaiwili, imefungwa nyuma ya injini na inazunguka nayo kila wakati. Sahani ya pili ni presha pleti, iko na springi kali sana za kusukuma. Chapati ya katikati ndio pleti ya klachi yenyewe. Iko na matandiko magumu pande zote mbili, kama ya breki, na katikati iko na meno yenye yanaingia kwa shafti ya giaboksi.

Ukitoa mguu kwa pedali, springi zinabana chapati na nguvu ya injini inaenda kwa giaboksi hadi magurudumu ya nyuma. Ukikanyaga, kuna beringi inaitwa rilisi beringi, inasukuma vidole vya presha pleti, chapati inaachiliwa, na injini inazunguka peke yake.

Chapati ikiwa imebanwa kabisa, haiishi. Ikiwa imeachiliwa kabisa, pia haiishi. Inaisha pale katikati, wakati inasugua. Hapo ndipo joto inatoka, ile harufu ya kuungua inatoka, na pesa yako pia inatoka.

Sasa linganisha. Mathree ya abiria 14 ikishashika lami inateleza tu. Trekta inavuta plau ya diski tatu ndani ya udongo mgumu, masaa nane, bila kupumua. Kosa lenye mathree inasamehe mwaka mzima, trekta inakulipisha kwa wiki moja.

Kuna za hatua mbili

Massey Ferguson nyingi za zamani, kama 135 na 240, ziko na klachi ya hatua mbili. Ukikanyaga pedali nusu, magurudumu yanasimama lakini PTO inaendelea kuzunguka. PTO ni ile shafti ya nyuma yenye inaendesha mashine kama ya kukata nyasi ama rotaveta. Ukikanyaga hadi chini kabisa, PTO nayo inasimama.

Hii ni muhimu kujua ju ndani ya trekta kama hiyo kuna pleti mbili, sio moja. Moja inaweza kuwa imeisha na ingine iko fiti. Kama trekta inavuta plau poa lakini mashine ya PTO inakosa nguvu, shida inaweza kuwa kwa ile pleti ya PTO. Fundi akikuambia "klachi imeisha", muulize: gani? Ya magurudumu ama ya PTO? Akianza kuzubaa, tafuta fundi mwingine.

Mguu ndio muuaji

Hizi ndizo tabia zenye zinaua klachi. Kama umewahi kukaa mbele kwa mathree pale Jogoo Road saa kumi na mbili jioni, utazitambua zote.

Kuweka mguu kwa pedali kama kiti. Dere anafikiria hajakanyaga, lakini uzito wa buti pekee unatosha kugusa vidole. Rilisi beringi inazunguka siku nzima bila sababu, na springi hazibani vizuri.

Kubalansi mlimani. Badala ya kushika breki, dere anashikilia trekta na hafu klachi. Kwa trekta za kubeba miwa kule Muhoroni na Chemelil, hii ni sumu. Foleni ya kuingia kiwandani inasonga kidogo, inasimama, inasonga tena, na trela nyuma imejaa miwa. Kila kusonga ni msuguo.

Kuanza na gia kubwa. Plau iko ndani ya udongo, dere anaweka gia ya juu, anapiga resi, anaachilia pole pole. Chapati inachomwa hapo hapo.

Kusaidia injini na klachi. Trekta ikilemewa, dere anakanyaga kidogo ili injini ipate resi halafu anaachilia. Dawa ya kulemewa ni gia ya chini ama kuinua plau kidogo. Klachi sio gia.

Plau kubwa kuliko trekta. Bosi anataka eka nyingi kwa siku, anafunga diski nne kwa trekta ya diski tatu. Hapo usilaumu dere, jilaumu.

Kuwasha PTO na resi ya juu. Mashine nzito inatakiwa kuanza na resi ndogo, halafu unapanda pole pole hadi mwendo wa kazi. Ukiianzisha kwa nguvu, unapiga klachi ngumi.

Dalili nne na maana yake

1. Injini inapanda, trekta haipandi. Unakanyaga mafuta, sauti inakuwa kubwa, moshi unatoka, lakini mwendo ni ule ule. Huko ni kuteleza. Huanza kwa gia ya juu, mlimani, ama trekta ikishapata moto. Sababu inaweza kuwa pleti imeisha, springi zimechoka, oili imeingia kwa pleti, ama pedali haina nafasi ya bure.

2. Gia zinakwaruza, ama trekta inatambaa ukiwa umekanyaga hadi mwisho. Hapa ni kinyume: klachi haiachilii. Pengine pedali iko na nafasi kubwa kupita kiasi, pleti imepinda kwa joto, ama imeshikana na flaiwili kwa kutu. Kwa trekta mpya zenye klachi inatumia oili ya majimaji, hewa ikiingia kwa paipu inaleta shida ile ile.

3. Trekta inatetemeka ukiachilia klachi. Angalia oili kwa pleti, springi ndogo za pleti zenye zimevunjika, ama flaiwili yenye iko na madoa ya kuungua. Hata bolti za kushikilia injini zikilegea, trekta itatetemeka. Anza na hizo ju ni rahisi kucheki.

4. Kelele. Washa injini, weka nyutro. Kama kelele inaanza ukigusa pedali, shuku rilisi beringi. Kama iko wakati mguu umetolewa na inapotea ukikanyaga, shuku beringi ya shafti ya giaboksi. Hizo ni kazi mbili tofauti na bei mbili tofauti, kwa hivyo usikubali kuambiwa tu "kuna kelele ndani".

Vipimo vya bure, bila kushika spana

Kipimo cha pedali. Injini ikiwa imezimwa, sukuma pedali na mkono. Mwanzo inafaa kusonga kwa urahisi kabla uhisi uzito. Hiyo ndio nafasi ya bure. Kwa trekta nyingi iko kati ya milimita 20 na 40, lakini namba ya trekta yako iko kwa kitabu chake, na hiyo ndio ya kufuata.

Chenye wengi hawajui ni kwamba pleti ikiendelea kuisha, hii nafasi inapungua yenyewe. Vidole vinasogea hadi vinagusa rilisi beringi. Ikifika sufuri, ni kama mtu ameweka mguu kwa pedali saa zote. Klachi inaanza kuteleza hata kama pleti bado iko na nyama. Dere asiyejua anaendelea kulima, na ndani ya siku chache pleti inaungua kabisa. Kumbe ilikuwa ni kurekebisha rodi ya pedali, kazi ya dakika chache.

Kwa hivyo swali la kwanza kwa simu ni hili: "Pedali iko na nafasi ngapi?" Kama haipo, warekebishe kwanza halafu wajaribu. Kama rodi imefika mwisho na haiwezi kurekebishwa tena, hapo sasa pleti imeisha kweli.

Kipimo cha kuzima. Trekta iwe mahali tambarare, hakuna mtu mbele wala nyuma, mawe kwa magurudumu. PTO imezimwa. Unganisha zile pedali mbili za breki, kanyaga breki kabisa, weka gia ya juu, resi ya katikati, halafu achilia klachi. Klachi nzima itazima injini mara moja. Kama injini inaendelea kuzunguka na trekta imesimama tu, inateleza. Fanya mara moja, kanyaga klachi tena haraka. Ukirudia rudia unamalizia pleti yenye ulikuwa unapima.

Kipimo cha tundu. Chini ya ile nyumba ya klachi, katikati ya injini na giaboksi, trekta nyingi ziko na katundu kadogo, mara nyingi na kipini kinaning'inia ndani. Hako katundu ni ka kutoa oili yenye imevuja. Kipini kiko hapo ili kikitingika, matope yasizibe. Dere asafishe na aangalie. Kukiwa kukavu, vizuri. Kama oili inadondoka, sili imekufa. Oili nyeusi kama ya injini inamaanisha sili ya nyuma ya injini. Oili ya rangi nyepesi yenye harufu kali inaelekea kuwa ya giaboksi.

Mbona hii ni muhimu? Ju ukibadilisha pleti bila kubadilisha sili, pleti mpya italowa oili na utarudi pale pale. Pleti yenye imelowa oili hata haioshwi na petroli ikapona. Matandiko yameshakunywa.

Kwa nini kupasua ni noma

Gari ndogo iko na mwili wake, kwa hivyo fundi anashusha giaboksi tu. Trekta nyingi hazina fremu. Injini yenyewe na giaboksi yenyewe, zimefungwa na bolti, ndio mgongo wa trekta. Kufikia klachi lazima uitenganishe katikati: mbele inaenda huku na injini, nyuma inabaki na giaboksi. Waya, paipu za haidroliki, rodi ya usukani na paipu za dizeli zote zinafunguliwa kwanza, na betri ndio ya kwanza kabisa.

Kuna hatari hapa yenye si ya mchezo. Ekseli ya mbele ya trekta inabembea katikati ili kufuata mabonde ya shamba. Ukishatenganisha, injini inaweza kulala upande mmoja na kumponda mtu. Fundi wa maana anagonga kabari za mbao pande zote mbili juu ya ekseli kabla ya kufungua bolti ya kwanza, na anaweka stendi imara chini ya giaboksi. Kama umeitishwa picha ya pesa, na wewe itisha picha ya kabari. Jeki moja juu ya mawe chini ya mwembe sio gereji, ni mtego.

Pia, mavumbi ya pleti za zamani yanaweza kuwa na asbesto. Yasipulizwe na hewa. Yafutwe na kitambaa chenye maji, na mtu avae maski.

Ikishafunguka, malizia kila kitu

Kazi kubwa ni kupasua na kurudisha. Ukipasua ubadilishe pleti peke yake ili usevu, halafu rilisi beringi ife mwezi ujao, unalipa kazi nzima upya. Kwa hivyo trekta ikiwa imefunguka, hii ndio orodha:

Pleti ya klachi. Kama matandiko yamekaribia vichwa vya riveti, imeisha. Riveti zikigusa chuma zinachimba flaiwili.

Presha pleti. Angalia nyufa, madoa ya bluu ya joto, na vidole vyenye vimelika. Vidole vyote viwe na urefu sawa. Kwa klachi ya hatua mbili, vinapimwa na kurekebishwa kulingana na kitabu, sio na jicho.

Rilisi beringi na ile beringi ndogo ya katikati ya flaiwili. Badilisha tu. Ni pesa kidogo ukilinganisha na kupasua tena.

Sili ya nyuma ya injini na sili ya shafti ya giaboksi.

Flaiwili. Kama iko na mikwaruzo ama madoa ya kuungua, ipelekwe kwa wasee wa mashine ya kuchonga vyuma isawazishwe.

Wakati wa kurudisha, pleti inapangwa katikati na kifaa chake ama shafti ya zamani, la sivyo giaboksi itakataa kuingia na fundi ataanza kuivuta kwa bolti. Hapo ndio pleti mpya hupinda kabla hata ya kufanya kazi. Na mikono iwe safi: grisi kidogo tu kwa matandiko inatosha kuleta kutetemeka.

Kununua spea bila kuchezwa

Wewe ndio uko Nairobi, kwa hivyo kazi ya kuenda Grogan ama Industrial Area ni yako. Usiende na jina la trekta peke yake. Trekta ya jina moja inaweza kuwa na klachi ya pleti moja ama mbili. Waambie wapime kipenyo cha pleti ya zamani, mara nyingi ni inchi 11, 12 ama 13, wahesabu meno ya katikati, na wakutumie picha ya mbele na nyuma. Afadhali zaidi, pleti yenyewe ya zamani itumwe na basi la usiku, uiweke kaunta kando ya mpya.

Wakikuambia wabandike matandiko mapya kwa pleti ya zamani, inawezekana, lakini cheki kwanza kama springi za katikati hazichezi na meno hayajalika. Ukibandika matandiko mapya kwa pleti yenye moyo umekufa, umepaka rangi nyumba yenye inaanguka.

Na kitu ingine: itisha spea za zamani zote zirudishwe. Hiyo peke yake inapunguza stori za jaba.

Ikishapona

Siku za kwanza, kazi nyepesi. Usiifunge plau asubuhi hiyo hiyo kwenye udongo mkavu. Pleti mpya inahitaji kukaliana na flaiwili kwanza. Baada ya kazi ya siku chache, nafasi ya pedali ipimwe tena ju huwa inabadilika pleti ikikaa.

Msimu ukiisha na trekta inaenda kulala miezi, dere aweke kipande cha mbao kushikilia pedali ikiwa chini. Trekta zingine ziko na ndoano ya hiyo kazi. Hii inazuia pleti kushikana na flaiwili kwa kutu, haswa sehemu za mvua nyingi. Watu wengi wamepasua trekta mwezi wa pili kwa sababu ya kutu yenye ingezuiwa na mbao ya bure.

Piga hesabu mwenyewe

Chukua mfano tu: tuseme unalipisha 3,500 kwa eka na tinga inalima eka nane kwa siku. Hiyo ni 28,000 kabla ya dizeli na dere. Klachi ikiungua katikati ya msimu na trekta ikae siku kumi ikingoja spea na fundi, ni 280,000 hazikuingia, na bado hujalipa pleti. Wakulima nao hawangoji. Mvua ikikaribia wanaita tinga ya jirani, na mwaka ujao wanaita jirani tena.

Kwa hivyo usingoje ile simu ya "imekataa kutembea". Kila Jumapili, dere akikutumia hesabu ya eka, akutumie na vitu viwili: nafasi ya pedali kwa milimita, na picha ya kale katundu. Nafasi ikianza kupungua wiki baada ya wiki, utajua pleti inaenda, na utanunua mpya ukiwa umetulia, kabla msimu haujaanza. Na kama inapungua haraka sana, usitafute fundi kwanza. Tafuta kujua mguu wa dere unapumzika wapi.